Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu vitabu vya mapenzi

Mimi ni msusi, saluni yangu iko Nyalenda hapa Kisumu, na pale kando ya draya kuna sanduku la mbao limejaa riwaya za mapenzi. Ukikuja kusukwa unachagua moja unasoma, usipomaliza unaenda nayo nyumbani. Nimefanya hivi miaka tisa sasa na maswali ni yale yale, mengine ya wateja, mengine ya mabwana zao, mengine ya mama mchungaji, nikaona heri niyajibu yote hapa kwa sababu mtu akiniuliza nikiwa katikati ya kichwa nakosea matuta.

Kwani riwaya ya mapenzi ni nini? Si kila stori iko na mapenzi ndani?

Ni kweli, hata stori ya majambazi utapata jambazi ana mpenzi wake mahali. Lakini hizi zangu ziko na vitu viwili. Kwanza mapenzi ndio stori yenyewe, ukiyatoa kitabu kinaanguka. Pili inaisha vizuri, hao wawili wako pamoja na unafunga kitabu ukiwa na matumaini. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi kule Marekani, kilianzishwa 1980, kinataja hayo hayo mawili tu, mengine yote mwandishi anajipangia, aandike kuhusu nesi ama mfalme ama watu wawili wanagombania duka.

Mimi hupenda kueleza na Nyamgondho wuod Ombare kwa sababu watu wa huku tumekua tukisimuliwa. Mvuvi maskini wa Gwassi, mtego wake unanasa mwanamke mzee ziwani, anampeleka nyumbani anamfanya bibi, na boma linajaa ng'ombe na mbuzi. Halafu siku moja anarudi amelewa, anamtukana, anamkumbusha kwamba yeye ndiye alimtoa kwa maji. Mwanamke anainuka anarudi ziwani, ng'ombe mbuzi kuku wote wanamfuata nyuma, na Nyamgondho anabaki pale ufuoni ameegemea fimbo yake. Hiyo kwangu ni nusu ya stori. Imekatika pale pale riwaya ya mapenzi huwa inaanza kazi ngumu. Mimi ningetaka kurasa zingine sitini, huyo mzee aingie majini mpaka kifuani, aite bibi yake kwa jina, arudie lile neno alilosema akiwa amelewa na aseme mwenyewe lilikuwa baya kwa nini.

Kama najua watapatana mwishoni, raha iko wapi?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote na ndilo nalipenda sana. Unajua watapatana, ndio, lakini hujui vipi. Ukikaribia robo ya mwisho lazima kitu kivunjike, labda jamaa ameamini uongo, labda dada ameficha barua, labda ni kiburi tu, na mwandishi mwenye mkono mzuri anavunja mpaka wewe mwenyewe unasema hapa hakuna njia, hawa waachane tu kila mtu aende kwao. Sasa unakesha kuona atawatoa aje hapo.

Pale saluni tunaita hiyo sehemu sura ya msamaha, na tumekuwa majaji wakali kweli kweli. Ile mbaya ni jamaa analeta maua na mkufu, wanakumbatiana, imeisha, hiyo mteja anarudisha kitabu amekasirika kama mtu ameuziwa samaki wa jana. Ile nzuri jamaa anataja kosa lenyewe, haweki "lakini", hasemi "kama nilikukosea", anamwachia dada nafasi ya kukataa na akikataliwa anaondoka kweli, halafu huko aliko anabadilisha kitu kwa maisha yake hata kama hakuna mtu anamwona. Sasa niambie wewe, mara ngapi umewahi kuombwa msamaha hivo? Mimi nimesikia stori za ndoa nyingi sana kwa hicho kiti changu na wengi wetu tukikosewa tunaletewa nyama kilo moja, inapikwa jioni, watu wanakula na hakuna anayesema neno. Nyama ni tamu sijakataa. Lakini kuna kitu kinabaki kimekwama kwa koo, na ukisoma mtu akiombwa msamaha kikamilifu, hata kama ni mtu wa kitabu, kinalegea kidogo.

Mteja wangu mmoja alipiga picha ya ukurasa kama huo na simu akamtumia bwanake bila kuandika kitu kingine chochote. Alijibiwa baada ya siku tatu. Walichoambiana sikuuliza, lakini aliporudi kusukwa ndiye aliniletea vitabu vingine vinne vya kuweka kwa sanduku.

Na kuna hii ingine. Mama mmoja alifiwa, akakaa karibu mwaka mzima hawezi kutazama habari wala kusikiliza nyimbo za matanga, alikuwa anasoma hizi tu. Aliniambia anaweza kulia na hao watu kwa sababu anajua watatoka. Mwisho mzuri ndio ulikuwa unamwezesha kukaa na huzuni bila kuzama nayo, na tangu siku hiyo sijaona aibu tena kusema napenda vitabu vyenye najua vitaisha aje.

Si hizi ndizo zinafanya wasichana wangoje bwana tajiri ambaye hayuko?

Huwa nawauliza wateja, wiki moja baada ya kurudisha kitabu, unakumbuka nini? Hakuna mtu amewahi kuniambia ndege ya jamaa ama nyumba yake ya ufuoni. Wananiambia alikumbuka jina la mamake. Alimuuliza kama amekula. Alikaa kimya akamsikiliza mpaka akamaliza. Kama msichana anaingia kwa ndoa akitarajia kuulizwa kama amekula, hayo matarajio si makubwa, na yule anayeyaona makubwa ningependa aje tuongee.

Ukweli ni kwamba hao matajiri wako wengi sana kwa kava, na zingine za hizo stori mimi mwenyewe zinanichosha, bosi mwenye hasira na sekretari mrembo, nimezisoma mpaka nikatosheka. Lakini pesa kwa hizo riwaya mara nyingi ni njia ya kuondoa rent na school fees kwa stori ndio watu wabaki na roho zao tu. Mtu ambaye anahesabu shilingi kila asubuhi anapumzika kusoma kurasa mia mbili zenye hakuna mtu anahesabu.

Zile za zamani mwanaume anamlazimisha mwanamke na bado anaitwa mpenzi. Hiyo unaitetea?

Sitetei. Vitabu vingi vya miaka ya 1970 na 1980 viko hivo, jamaa anashika dada kwa nguvu, dada anakataa, halafu mwandishi anataka tuamini alikuwa anapenda. Wengine husema enzi hizo mwanamke "mzuri" hakuruhusiwa kutaka, kwa hivyo waandishi walimfanya alazimishwe ndio asilaumiwe kwamba alitaka. Nimeifikiria sana hiyo sababu na naielewa, ila kuna wasichana wanakaa kwa kiti changu mambo kama hayo yamewafanyikia kweli, na siwezi kumpatia mtu kama huyo kitabu kinamwambia ile ilikuwa mapenzi. Hivyo navisoma kwanza mimi. Chenye kina mambo hayo naandika kwa kalamu ndani ya kava ni ukurasa gani na ni kitu gani, halafu unaamua mwenyewe, na vingine vibaya kabisa vilienda kuwasha jiko.

Vitabu vya miaka ya karibuni vimebadilika sana. Siku hizi jamaa anauliza, na huko kuuliza ndiko kunafanya moyo udunde, waandishi wamejua kuandika hilo vizuri.

Mama mwenye watoto wanne anapata wapi wakati wa kusoma mapenzi? Huo si uvivu?

Hili huulizwa na wanaume sana na mara zingine na mama mkwe. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Janice Radway, mwaka wa 1984 alitoa kitabu kuhusu wanawake wa mji mmoja huko waliokuwa wanasoma riwaya za mapenzi kwa wingi, wengi wao wamama wa nyumbani. Alienda kuwauliza kuhusu zile stori, wao wakawa wanamwambia juu ya kusoma kwenyewe, yaani ukifungua kitabu kila mtu nyumbani anajua saa hii mama si wa mtu.

Nilipoambiwa hiyo na mwanafunzi mmoja wa Maseno nikiwa namsuka nilisimama na chanuo mkononi. Kwa sababu ndio hiyo naona kila siku! Mama anaingia, simu inalia, mtoto hajavaa soksi, gesi imeisha, fundi anataka balansi. Halafu anawekwa chini ya draya, kelele ya mashini inafunika kila kitu, anafungua kitabu, na ndani ya dakika kumi uso unabadilika, mabega yanashuka. Kuna wengine nywele zimekauka zamani na wananiomba niwaache kidogo. Nawaacha. Huyo mama ameamka saa kumi usiku, ukimwita mvivu mbele yangu utatafuta saluni ingine.

Hizi vitabu zilianzia wapi na zinafika aje Kisumu?

Zile ndogo ndogo mnazozijua zaidi ni za Mills & Boon, kampuni ilianzishwa London mwaka wa 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, na mwanzoni ilikuwa inachapisha kila aina, hata vitabu vya shule. Ilikuwa miaka ya 1930 ndio waliona mapenzi ndiyo yanawalisha. Na kitu kinachonifurahisha, wakati huo wanawake wengi wa Uingereza hawakuwa wananunua, walikuwa wanaazima kwa vimaktaba vya dukani kwa senti kidogo, vitabu vina jalada la rangi ya kahawia vinajulikana kwa hiyo rangi. Kwa hivyo sanduku langu si kitu kigeni kwa hii biashara, ni vile ilianza. Baadaye Harlequin ya Kanada, iliyoanzishwa 1949, ikaanza kuvichapisha upya huko mwaka wa 1957, na 1971 ikainunua kampuni nzima.

Huku vinakuja na mitumba, vingine vinatoka kwa watu wanahama. Mimi hupitia soko la Kibuye Jumapili na wale wa kutandika vitabu chini kando ya barabara, na dadangu aliye Nakuru huniokotea huko ananitumia na matatu, mzigo unapitia Kericho unanifikia jioni. Kimoja ni shilingi hamsini ama mia, inategemea kava na pia venye muuzaji ameamka.

Kwani hakuna za Waafrika? Nimechoka na Waingereza na farasi.

Ziko. Macmillan walianza mfululizo wa Pacesetters mwaka wa 1977, waandishi Waafrika, vitabu vyembamba, vingine vya wapelelezi na vingine vya mapenzi, wazazi wetu walivisoma mpaka vikachanika. Nigeria kulifunguliwa Ankara Press mwaka wa 2014, hao ni mapenzi ya mjini, dada ana kazi yake, ana pesa yake, anapenda mtu na maisha yake hayasimami. Na kule Kano, kaskazini mwa Nigeria, wanawake wamekuwa wakiandika kwa Kihausa tangu miaka ya 1980, vijitabu vya sokoni vinaitwa vya soyayya, yaani mapenzi, ndani wanabishana juu ya kuozwa kwa nguvu na mitala na bwana asiyesikia. Mwaka wa 2007 serikali ya jimbo ilichoma vitabu kama hivyo hadharani. Nikikumbuka hiyo naelewa watu wanaosema ni upuuzi hawasemi ukweli wote, kwa sababu upuuzi hakuna mtu anapoteza kiberiti kuuchoma.

Kwa Kiswahili siku hizi nyingi ziko kwa simu. Facebook, vikundi vya WhatsApp, wengine wanaandika kwa Wattpad, mtandao wa stori ambao ulianzia Kanada mwaka wa 2006. Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ITAENDELEA kwa herufi kubwa wakati dada ameshika kitasa cha mlango. Kuna waandishi wazuri sana huko, hasa wa Tanzania, wanajua maneno ya mapenzi yenye sisi wa bara hatuna. Shida yangu na hizo ni moja, zinakatika njiani. Unafika sehemu ya 27 mwandishi ananyamaza, ama anakwambia ya 28 ulipie. Kulipia mimi sina neno, mtu amefanya kazi. Kunyamaza ndiko kunaumiza.

Yenye natamani bado sijaipata: riwaya nzima ya mapenzi ya hapa, dada anauza omena, wanakutana Dunga jioni jua likiingia ziwani, ugomvi wao uwe juu ya kiwanja Mamboleo na mama mkwe aongee Dholuo. Anayeandika aniambie nitainunua kabla haijaisha.

Kiingereza changu si kikali, nitaweza?

Utaweza. Hizo ndogo ni kurasa chini ya mia mbili, sentensi fupi, na maneno yanajirudia kitabu hadi kitabu, usilielewe leo utalielewa kwa kitabu cha nne bila kuuliza mtu. Usisimame kila mstari kutafuta maana. Nina mteja aliachia shule darasa la saba na sasa ananisahihisha mimi.

Msichana wangu yuko Form Two, nimruhusu?

Mimi nilianza umri huo huo, shule ya bodingi, tukisoma na tochi chini ya blanketi, kitabu kimoja dom nzima na zamu imeandikwa kwa karatasi. Madam alikipata akakichana mbele ya mstari. Kwa nini kibaya hakutuambia, alisema tu ni uchafu, na mimi nilikaa miaka mingi nikidhani kutaka kupendwa vizuri ni uchafu. Kwa hivyo nakuomba mama, usichane. Kisome wewe kwanza ama msome pamoja.

Sanduku langu limegawanywa na kadibodi. Upande wa kushoto wanabusiana na mlango unafungwa, wa shule wanachukua hapo. Upande wa kulia mlango uko wazi, huko ni wa watu wazima na sibembelezwi. Na msichana akikuuliza kitu kilicho kwa kitabu mjibu hapo hapo, hiyo nafasi huwa hairudi.

Mama mchungaji ameuliza: hii si dhambi?

Mama, kwa heshima kabisa. Biblia ina Wimbo Ulio Bora, sura nane, na wapenzi wawili wanasifiana humo kutoka nywele hadi miguu. Ina Ruthu pia, sura nne peke yake, mjane mgeni hana kitu, anaokota masuke, anakutana na Boazi mwenye shamba anayemwambia wafanyakazi wasimguse, na inaisha na ndoa na mtoto. Nikimaliza kuisoma huwa nalala vizuri. Mama mchungaji alichukua kimoja cha upande wa kushoto na bado hajarudisha, simharakishi.

Wanaume husoma?

Husoma. Kijana wa bodaboda anayeegesha hapa nje amemaliza kama ishirini, husoma akingoja abiria. Anapenda zile sura zinaandikwa kutoka kwa mwanamke. Aliniambia hajawahi kukaa ndani ya kichwa cha mwanamke kwa muda mrefu hivo, kwao walizaliwa wavulana watupu na mama alikufa mapema, na sasa akigombana na msichana wake anajaribu kufikiria hiyo sura ingeandikwa aje na yeye. Nilipata hiyo jibu nikaingia ndani nikanywa maji.

Nianzie wapi?

Niambie umechoka na nini. Kama ni kazi ya hospitali, kuna za madaktari na manesi, na manesi wenyewe ndio wanazipenda wakicheka makosa. Kama umeachwa, chukua za nafasi ya pili, watu waliopendana zamani wanakutana tena wakiwa wakubwa. Kama una hasira, chukua maadui wanaopendana, hizo watu wanajibizana vizuri. Ndoa ya mkataba, yaani wanaoana kwa sababu ya shamba ama deni halafu mapenzi yanakuja nyuma, hiyo wamama wakubwa wanaipenda kuliko wasichana na wanajua ni kwa nini.

Kuazima ni pesa ngapi?

Bure ukisukwa hapa. Usikunje kona, na ukimwagia chai usifiche, niambie tu.

Nimefika mwisho nikapata kurasa zimekatika! Nifanyeje?

Pole sana, najua huo uchungu. Vitabu vya mitumba huachia kurasa za mwisho, gundi imezeeka. Mara ya kwanza kunifanyikia nilizunguka Kisumu mzima nikitafuta nakala ingine na sikuipata. Basi yule mama aliyefiwa niliyemtaja huko juu, alikichukua kitabu akijua hakina mwisho, akarudi nacho wiki mbili baadaye na karatasi za daftari zimeshonwa kwa uzi mweusi wa kusukia, kurasa saba, mwandiko wake, jamaa anakuja mpaka mlangoni kwa mvua na anasema alichokosea. Tangu hapo imekuwa kawaida, ukikuta kimekatika unaandika. Kile cha kwanza sasa kina miisho mitatu, ya mama huyo, ya mwanafunzi wa Maseno, na ya kijana wa bodaboda ambayo imeandikwa yote kutoka kwa mwanamke. Kiko upande wa kushoto, kava ya kijani, na daftari tupu nimeweka chini ya sanduku pamoja na kalamu.